Suta Tano

Kabla baba mkwe hajafika Mbebe nilimwomba baba watoto jambo moja tu: mlango wa jikoni upate kitasa. Mimi ni Mnyakyusa. Bibi yangu kule Rungwe akimwona baba mkwe wake njiani alikuwa anaingia migombani mpaka mzee apite, na jina lake hakulitamka hata siku moja. Siku hizi tumelegeza. Tunasalimiana kwa mbali, salamu nyingine tunawatuma watoto. Lakini kulegeza huko hakujafikia kukaa jikoni na mlango unaofunguka wenyewe kila upepo unapovuma.

Kitasa tulishanunua Tunduma, kile cha duara chenye kitufe katikati. Karatasi yake ilitaka tundu la milimita 54, ambalo kwa lugha ya mafundi ni inchi 2 na suta 1, suta ikiwa thumuni ya inchi. Fundi mmoja mwenye mashine ya umeme alitaja bei yake, mume wangu akacheka kama mtu aliyetukaniwa ukoo.

"Mtoto wa seremala nimlipe mtu kutoboa mlango?"

Akaingia uvunguni, akatoka na sanduku la baba yake.

Mle ndani mlikuwa na kekee ya mkono, ile ya chuma kilichopinda kama goti, na pamoja nayo biti ambayo sijawahi kuona mfano wake. Biti za kawaida kila moja ina tundu lake. Hii ni moja kwa matundu mengi: mbele ina skrubu ndogo inayojivuta ndani ya mbao, na kichwani ina mfereji ambamo kisu kinateleza kutoka katikati kwenda nje, kisha kinabanwa kwa parafujo. Ukikisogeza nje, tundu linakua. Baba watoto alishaperuzi simu akanisomea kwamba Mmarekani mmoja, William Clark wa Connecticut, ndiye aliyepata hataza ya biti ya namna hii mwaka 1858. Hii yetu ilikuwa na chapa ya Sheffield, na kutu ya kutosha kupaka rangi geti. Visu vilikuwa viwili. Kikubwa kilikuwa kimefungwa kwenye kitambaa, kidogo kilikuwa kimegandia mahali pake.

Akailaza kwenye mafuta ya taa siku mbili. Katika bakuli langu la mboga. Niliuliza, nikaambiwa chuma cha zamani kinahitaji chombo chenye kina.

Parafujo haikulegea. Basi akaamua kukinoa kile kisu kidogo kikiwa palepale. Kisu hiki kina sehemu mbili za kazi: kijino cha pembeni kinachochora duara na kukata nyuzi, na makali mapana yanayofuata nyuma kuparura mbao. Alichukua tupa akakichonga kijino kwa upande wa nje, kwa sababu ndio upande unaofikika. Kiling'aa kweli. Hilo bakuli na huo mng'ao ndivyo vitu viwili nilivyoonyeshwa jioni ile.

Tundu la ubavuni, la ulimi wa kitasa, alilitoboa kwa biti ya kawaida na lilitoka safi, na nadhani ndilo lililompa kichwa. Kwenye tundu kubwa kekee ilianza kulia. Mninga si paina. Mume wangu aliegemeza kifua, akazungusha, akapumzika, akazungusha, kisu kikisugua mbao badala ya kuikata hadi sebule nzima ikanuka moshi. Alipotokea upande wa pili tundu lilikuwa la inchi 1 na nusu. Alijua litakuwa dogo, ila alikuwa na imani kwamba kitasa "kitajibana". Hakikujibana.

Ndipo parafujo, kwa kuona aibu au kwa kuchoka, ikalegea, ikifunguliwa na ncha ya kisu changu cha nyama. Akaweka kisu kikubwa. Sasa kuna jambo hakulifikiria: biti hii haiwezi kupanua tundu lililokwisha kutobolewa, kwa sababu skrubu ya katikati haina pa kushika. Pale katikati ni hewa. Alijaribu gunzi la muhindi, likavurugika. Kisha akatoka nje, nikasikia msumeno, na akarudi na kipande kilichoingia tunduni kama kimezaliwa humo. Asubuhi yake niligundua jembe langu limekuwa la mtu mfupi.

Tundu lilikuwa limepungukiwa suta 5. Alama za vipimo zililiwa na kutu, kwa hiyo akashika rula na kukitoa kisu kikubwa nje ya mstari wa kile kidogo kwa suta 5 kamili. Alipima mara tatu, nilimwona. Ila kisu kinazunguka: suta 5 unazozitoa upande mmoja, kinazichukua na upande wa pili. Tundu likatoka inchi 2 na suta 6, tena lenye umbo la yai, kwa sababu skrubu ilikuwa inayumba kwenye mpini. Kitasa kikapenya na kuanguka jikoni, miguuni pangu, pamoja na kisahani chake.

Nikaziba kwa kanga. Mzee akafika jioni hiyohiyo.

Asubuhi nakoroga uji, nikaona kanga inavutwa polepole kutoka upande wa pili. Kisha tunduni kukatokea jicho. Mzee wa watu alikuwa ameinama kukagua ukingo. Tulitazamana. Mwiko ukanidondoka, nikachuchumaa nyuma ya debe la maji, na upande ule nikasikia kikohozi na kiti kikiburutwa.

"Baba," akamwambia mwanawe, kwa sauti iliyopimwa inifikie na mimi, "kijino kinanolewa kwa ndani. Ukikigusa kwa nje, mwili wa kisu unasugua ukuta wa tundu. Na mpini ulisimamisha nyuzi, skrubu ikaambulia unga. Leta kipande cha mninga."

Alikichonga kiraka cha mviringo, nyuzi zake zikilala sambamba na za mlango, akakipaka gundi na kukiacha mpaka kesho yake. Kisu kikubwa akakipitisha tupa mara chache tu. Akapima kutoka katikati ya skrubu hadi kwenye kijino, inchi 1 na nusu suta, akajaribu kwanza kwenye ubao wa taka. Ncha ya skrubu ilipochungulia upande wa jikoni akasimama, akasubiri nitoke nje, ndipo akaingia kumalizia kutoka huku ili mbao isipasuke.

Kitasa kinafunga. Kiraka kimeacha hilali nyekundu kukizunguka.

Akiondoka aliipaka biti grisi, akaifunga kwenye kitambaa pamoja na kisu kikubwa na kuitia mkobani mwake. Kile kidogo akamwachia mwanawe. "Hiki kaa nacho, baba. Kimeshakuwa chako."

Juzi nimemkuta baba watoto ameinama mbele ya kabati langu la vyombo, rula mkononi, anaulizia bomba la maji machafu lingepita wapi. Kisu bila biti hakitoboi kitu, kwa hiyo sikusema neno. Ila jembe, lenye mpini mpya, nimelihamishia kwa jirani.