Friji Iliyojaa, Wenyewe na Usafi Wake

Friji ya nyumbani hufyonza joto la ndani na kulitoa nje, na ndiyo maana mgongo wake una moto wakati tumbo lina baridi. Hiyo ni kazi iliyoandikwa kwenye kijitabu chake. Katika nyumba nyingi za Dar es Salaam ina kazi nyingine iliyo kubwa zaidi, nayo ni kuahirisha kutupa. Chakula kilichobaki ni riziki, na riziki haitupwi. Wakati huohuo hakuna atakayekila, kwa sababu kesho kitapikwa kingine cha moto. Basi kinawekwa kwenye friji mpaka kiharibike chenyewe, na kikishaharibika, kukitupa si kosa la mtu. Kwa mchuzi safari hiyo huchukua siku kumi. Kwa achari huchukua Ramadhani mbili.

Ugumu wa kwanza wa friji iliyojaa ni vyombo vyake, maana hakuna kinachosema kweli. Kopo la Blue Band lina kisamvu. Kopo la aiskrimu lina maharage yaliyochemshwa, somo ambalo kila mtoto hulipata mara moja na halisahau. Chupa za maji ya dukani zimejazwa maji ya kuchemsha, isipokuwa moja yenye siki, ambayo hutambulika kwa uso wa mgeni aliyeinywa. Halafu ipo hotipoti. Chombo hiki kimetengenezwa ili baridi isiingie, na bado kinawekwa kwenye friji kikiwa na wali, kifuniko kimebanwa sawasawa. Friji huhangaika usiku kucha na wali hubaki wa uvuguvugu. Hili si la kuchekea tu: bakteria aitwaye Bacillus cereus, ambaye spora zake hustahimili kuchemshwa, huzaana vizuri kwenye wali wa namna hiyo, na sumu yake ya kutapisha haiondoki hata wali ukipashwa moto. Wali hutandazwa kwenye chombo kipana, ukapoa upesi, ndipo ukaingia friji. Hotipoti ni ya mezani.

Kwenye friza mambo ni magumu zaidi, kwa kuwa kitu kilichoganda hakina harufu wala sura. Utumbo, kibua na nazi iliyokunwa, vyote vikifungwa fundo kwenye mfuko na kukaa mwezi, huwa jiwe moja jeupe. Msaada kidogo ulitoka serikalini: Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tarehe 1 Juni 2019, hivyo kilichomo ndani ya rambo lenye mikono kinaweza kukadiriwa umri bila kufunguliwa, ingawa wanaozijua njia za sokoni watabisha. Kama nyumba inauza barafu za ubuyu na ukwaju, nusu ya friza ni mali ya biashara na haijadiliwi.

Kujaa huku kuna gharama. Baridi ya friji husambazwa na hewa, na hewa inahitaji mahali pa kupita. Sinia pana likiziba rafu ya juu, baridi hubaki juu: mchicha uliosukumwa nyuma huganda ukawa kama kioo, na maziwa ya mlangoni huchacha. Hapo mtu huamua kurekebisha ile swichi ya kuzungusha yenye namba 1 hadi 7, kama ataiona nyuma ya chupa ya tomato sosi. Kwenye friji nyingi za aina hiyo, namba kubwa ndiyo baridi kali. Lakini katika kila familia wapo wanaoamini kwamba namba hizo ni nyuzi za joto, kwa hiyo hushusha hadi 1 ili baridi iongezeke, na wengine huipandisha kwa siri jioni. Lengo ni ndani ya friji pasizidi nyuzi 4 au 5 za Selsiasi, na friza iwe nyuzi 18 chini ya sifuri. Kipimajoto kidogo kikiwekwa kwenye rafu ya katikati humaliza ubishi, ndiyo maana pengine hakuna anayekinunua.

Siku nzuri ya kusafisha ni ile ya kabla ya kwenda sokoni, friji ikiwa na vitu vichache. Siku inayochaguliwa ni asubuhi ya kufika wageni. Friji huchomolewa kwenye umeme, vitu vya baridi huhamishiwa kwenye ndoo au beseni lenye barafu, nyama mbichi ikipewa chombo chake, na kazi huenda haraka, kwa sababu Idara ya Kilimo ya Marekani hushauri chakula cha kuharibika kisikae nje zaidi ya saa 2, na isizidi saa 1 joto likipita nyuzi 32. Jiko la Dar es Salaam mwezi Februari liko kwenye kundi la pili.

Saa hiyo moja, hata hivyo, haiishii kwenye kusugua. Huishia kwenye kesi. Kila kinachotolewa kina mwenyewe, na mwenyewe hujitokeza pale tu kinapokaribia pipa. Mchuzi wa juzi una mama, anayesema asiumwage mtu, atauchemsha. Kipande cha keki ya harusi kilichofungwa kwenye karatasi ya fedha kina kaka mtu, na maharusi wenyewe wameshapata mtoto wa pili. Achari ina shangazi. Haliwi na yeyote jambo hilo la pilipili na embe, na halitupwi na yeyote, kwa kuwa shangazi huuliza. Ndimu zilizokatwa nusu huwa nyingi kuliko ndimu nzima: kila anayehitaji ndimu hukata mpya, akihofia kwamba ile nusu ina mtu. Anayejua kila kitu kiliingia lini na kwa mkono wa nani ni dada wa kazi, na kwa kawaida yeye haulizwi.

Ushahidi unaokubalika zaidi katika kesi hizi ni pua. Baba hufunua kopo, hunusa, hufikiri, kisha humpa mwingine anuse. Pua ni shahidi dhaifu. Inajua kilichochacha, lakini bakteria wengi wanaowaletea watu maradhi hawana harufu, na Listeria huendelea kuongezeka hata kwenye baridi ya friji. Chakula kilichopikwa kihesabiwe siku 3 hadi 4, basi. Kuuchemsha tena mchuzi wa wiki iliyopita hakuurudishi utoto wake.

Barafu iliyojijenga kwenye kuta za friza huja baada ya hukumu. Friji zisizoyeyusha barafu zenyewe zinahitaji kuyeyushwa barafu inapofikia unene wa nusu sentimita hivi. Nyingi husubiri mpaka mlango wa friza ukatae kufunga. Njia yake ni bakuli la maji ya moto ndani, kanga za zamani sakafuni, na subira. Kwa kuwa subira ndiyo haipatikani dukani, mtu huchukua kisu. Ndani ya ukuta ule mwembamba hupita bomba la gesi inayobeba joto, na kisu kikilifikia husikika mlio mfupi wa kuzomea. Friji nyingi za sasa hutumia gesi iitwayo R600a, ambayo ni isobutani, nayo hushika moto. Basi madirisha hufunguliwa, jiko la mkaa huwekwa mbali, na swichi haiguswi. Fundi akifika huuliza kama kisu kilitumika. Nyumba nzima hujibu hapana. Fundi huona tundu, hunyamaza, na adabu hiyo huwa imeshaingizwa kwenye bei.

Kuosha kwenyewe ni kazi nyepesi: maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo ya vyombo, kitambaa safi. Rafu za kioo ziachwe zipoteze baridi kabla ya kuguswa na maji ya moto, la sivyo hupasuka. Sehemu inayosahauliwa ni tundu dogo la nyuma, chini, ambako maji hupitia kwenda kwenye trei iliyo juu ya kompresa yakaushwe na joto lake. Jani moja la giligilani likiliziba, maji hukusanyika chini ya droo ya mboga, na mtoto wa mwisho hulaumiwa kwa kumwaga maji. Mrija wa soda hutosha kulizibua. Mpira wa mlango nao hufutwa mpaka ndani ya mikunjo, kisha hujaribiwa kwa karatasi: mlango ukifungwa nayo katikati na ikatoka bila kung'ang'ania, baridi nayo hutokea hapohapo.

Wakati wa kurudisha vitu, nyama na samaki wabichi hukaa rafu ya chini kabisa, kwenye chombo kisichovuja, wasidondoshee kachumbari. Mlango ndio wenye joto kuliko sehemu zote, kwa hiyo ni wa sosi na maji, si wa maziwa wala mayai. Watengenezaji wenyewe hutengeneza vitundu vya mayai mlangoni, na hapo hoja hiyo hupoteza nguvu mbele ya mama mwenye nyumba. Nyanya hupoteza ladha kwenye baridi, ndizi huwa nyeusi, mkate huchakaa upesi kuliko ukiachwa mezani, na vitunguu na viazi havikuwa na shida ya kuja. Vikiondoka hivyo tu, rafu nzima hupatikana. Insulini, kama ipo nyumbani, ikae katikati kwenye nyuzi 2 hadi 8, mbali na ukuta wa nyuma, kwa sababu ikiganda haifai tena.

Friza yenyewe haidhuriki kwa kujaa. Umeme ukikatika, friza iliyojaa hutunza baridi yake kwa takriban saa 48 ikiwa haifunguliwi, na iliyojaa nusu saa 24. Friji hupewa saa 4. Sharti la kutofungua ndilo linaloshinda, maana kila anayeingia jikoni hufungua ahakikishe kama baridi bado ipo.

Baada ya usafi huja lebo za plasta na kalamu. Wiki ya kwanza huandikwa jina la chakula na tarehe. Wiki ya pili huandikwa jina la mwenye chakula. Wiki ya tatu huandikwa USIGUSE tu, bila jina wala tarehe, na aliyeandika hajulikani. Chombo kisicho na tarehe huhesabiwa kuwa kimepita siku nne na humwagwa, isipokuwa kiwe cha shangazi.