Kiingereza Changu Hakina Pasipoti

Ukisoma matangazo ya kazi za kufundisha Kiingereza huko Ghuba, kuna mstari mmoja ambao hauchelewi kufika. Wanataka shahada, sawa. Wanataka uzoefu wa miaka miwili mitatu, sawa. Kisha: mwombaji awe na pasipoti ya Uingereza, Marekani, Kanada, Australia, New Zealand, Ayalandi au Afrika Kusini. Kwa hiyo kijana wa Manchester aliyekuwa akiuza simu mwezi uliopita anajua Kiingereza kwa kuwa mamake alijifungulia pale. Mimi sijui. Mimi niliyekifundisha Nakuru hadi chaki ikaingia mapafuni, niliyevishwa kibao shingoni nikiwa darasa la tatu kwa kosa la kumwomba mwenzangu kifutio kwa lugha ya mama. Kiingereza changu nimekilipia. Huyo wa Manchester alikipata bure, na ndiye anayelipwa zaidi.

Walionichukua Maskati hawakunipenda, nieleweke. Mwaka wa shule kule huanza mwishoni mwa Agosti au Septemba, na ikifika Agosti wenye pasipoti nzuri wameshakwenda Dubai na Doha. Hapo ndipo mwalimu mkuu hulegeza masharti na kugundua kwamba hata Kenya kuna watu wanaojua kusoma.

Halafu karatasi. Shahada ipigwe muhuri, vyeti vya kuzaliwa vya watoto vipigwe muhuri, cheti cha tabia njema kithibitishe kwamba sijawahi kuiba ng'ombe wa mtu, na kila kimoja kipitie wizara ya mambo ya nje kisha ubalozini. Hayo niliyavumilia. Cheti cha ndoa ndicho kilichonitoa jasho. Sisi tulioana kimila: mbuzi walihesabiwa, wakachinjwa, wazee wakabariki, mjomba akalala chini ya lori hadi asubuhi. Ndoa inataka ushahidi gani zaidi? Lakini ubalozi haupigi mbuzi muhuri. Sheria ya ndoa ya mwaka 2014 inataka ndoa za kimila zisajiliwe, nasi hatukuwa tumeona haraka hiyo, basi tukajipanga mbele ya karani pamoja na watoto wetu watatu, mkubwa akiwa ananifika begani. Karani akatupa mkono wa pongezi na kututakia uzazi mwema.

Mkataba ulisema shule itamsomesha mtoto mmoja bure, wa pili kwa nusu ada. Wa tatu haukumtaja kabisa. Labda aliyeuandika hakuamini kwamba mtu anaweza kufika huko. Ada za shule za kimataifa Maskati huhesabiwa kwa maelfu ya rial kwa mwaka, na rial moja ni zaidi ya dola mbili na nusu za Marekani. Hesabu hiyo ukiipeleka kwenye shilingi, uwe umeketi. Mama watoto akaamua kwamba bure iende kwa mwenye ada kubwa, nusu kwa anayefuata. Kitinda mimba aliposikia kwamba yeye ndiye wa kulipiwa pesa zote, akawatambia wenzake kuwa ndiye pekee mwenye thamani.

Kwenye visa, mama watoto aliandikwa mtegemezi wangu. Huyu ni muuguzi ambaye nyumbani alikuwa akiwafokea madaktari na wakamsikiliza. Visa ya familia haikumruhusu kufanya kazi, na kila dirisha tulilofika karani aliniuliza mimi. Tarehe ya kuzaliwa ya mtoto wa pili? Namgeukia mtegemezi. Kundi la damu la mdogo? Namgeukia mtegemezi. Pasipoti yako mwenyewe iko wapi, bwana? Imo mkobani mwa mtegemezi. Karani akaandika kila kitu kwa jina langu, akaniambia nina familia nzuri.

Kuhusu joto nitasema machache, kwa sababu watu wa Lodwar hawanihurumii. Juni 2018, mji wa Quriyat, kusini-mashariki mwa Maskati, ulikaa saa 24 nzima bila joto kushuka chini ya nyuzi 42.6. Hapo saa tisa usiku imo. Matangi ya maji yako juu ya paa, kwa hiyo wakati wa kiangazi bomba la maji baridi hutoa maji ya kupikia ugali. Wenyeji wakatufundisha: zima hita, acha maji yapoe humo ndani ya nyumba, kisha oga kwa bomba lenye alama nyekundu. Miaka yote Nakuru nililipia stima ili maji yapate moto. Sasa nalipia stima ili yapoe. Na jua lote hilo la bure, manispaa haitaki uanike nguo kwenye roshani zikaonekana barabarani. Soksi ya kwanza ingekauka kabla hujaibana ya pili! Badala yake tunaanika chumbani, chini ya kiyoyozi, na sare za shule zinakwenda darasani na unyevu wake.

Wiki nayo imepinduliwa. Mapumziko ni Ijumaa na Jumamosi. Jumapili asubuhi niko mbele ya darasa. Sisi ni watu wa kanisa. Ibada yetu huwa Ijumaa, pale Ruwi, kwenye kiwanja ambacho Sultani Qaboos aliwapa Wakristo wajenge, na kwa hilo sina lalamiko, Mungu amrehemu. Lalamiko langu ni mamangu mzazi. Hupiga simu Jumapili baada ya misa yake kuuliza mahubiri ya kwetu yalihusu nini, nami namnong'oneza kwamba niko kazini, nafundisha nyakati za vitenzi. Nimemweleza habari ya Ijumaa mara nyingi. Anasema "ehe, mwanangu" kwa sauti ile ya kumwitikia mlevi, kisha nasikia kwa dada yangu kwamba jumuiya nzima inatuombea turudi kundini.

Leseni yangu ya udereva haikukubalika. Mtu mzima nikarudi shule ya udereva, nikakalia mtihani wa mapipa: unarudisha gari kinyumenyume katikati ya mapipa ya mafuta, na ukiligusa moja umekwenda. Mtu aliyewahi kupenya stendi ya matatu ya Nakuru Ijumaa jioni afanyiwe mtihani wa mapipa, ambayo hata hayatembei! Petroli yenyewe ni rahisi, nakubali, haifiki robo rial kwa lita. Jambo hilo ndugu zangu wanalijua kuliko mimi. Kwao, anayeishi palipo na mafuta ana kisima chake uani. Nimeingizwa kwenye vikundi vya WhatsApp vya harusi za watu nisiowajua, na kila kimoja nimo kwenye kamati, tena upande wa fedha.

Sasa tufike kwa bibi wa ghorofa ya chini, maana yeye ndiye aliyenimaliza.

Alizaliwa Unguja, akaja Maskati miaka ya 1970, wakati Sultani Qaboos alipokuwa akiwaita Waomani walioko nje warejee. Jengo letu limejaa familia kama yake, na Kiswahili kinasikika ngazini kuliko Kiarabu. Nilifurahi mno. Jioni ya kwanza nikabisha hodi nijitambulishe: "Habari, bibi? Sisi ni majirani wa huko juu. Gari yangu ndiyo hiyo imesimama hapo."

Akanitazama. "Langu," akasema.

Nikadhani anadai gari. Nikaanza kumweleza kwamba nimelinunua kwa Mhindi mmoja, karatasi ninazo.

"Gari langu, ndilo hilo, limesimama hapo," akasema, polepole, akinipa nafasi ya kuandika. "Na mkubwa haambiwi habari. Huamkiwa."

Tangu hapo nafanyishwa mtihani kila nikipita. Nikisema "watu mingi", ananirudisha ngazi nilizokwisha kupanda. Nikisema "hii kitu", anaweka mkono kifuani. Siku moja alimuuliza mama watoto, kwa huruma ya kweli kabisa, eti mwanangu, huyu mumeo ndiye anayefundishia watu lugha? Mama watoto, badala ya kunitetea, akacheka hadi akaketi. Watoto nao wanashinda kwake wakila vitumbua, na sasa nikiingia nyumbani napokewa na "shikamoo, baba". Niliwaleta huku wapate Kiingereza cha kimataifa. Wanaongea kama waliozaliwa Forodhani, na mdogo ameanza kunirekebisha ngeli mezani.

Mkutano wa wazazi ukafika. Mwalimu mkuu, Mwingereza, anajua fika kwamba wazazi wengine wanalipa ile ada kwa ajili ya pasipoti ya mwalimu, basi akanitambulisha kwa tahadhari kubwa: mwenzetu huyu, akasema, ana uzoefu wa kimataifa. Uzoefu wenyewe ni Nakuru na, kwa muhula mmoja, Naivasha. Nikasimama nikatabasamu kimataifa. Baba mmoja wa safu ya nyuma, kanzu yake imenyooka na kofia ya kudarizi kichwani, akainua mkono na kuuliza mwalimu ametoka wapi. Nikajua mkate umeanguka. Nikasema Kenya.

"Kenya wapi?" akauliza, na hakuuliza kwa Kiingereza.

Kumbe mamake ni mtu wa Bububu. Mama aliyeketi mbele yake akageuka na kusema yeye ana dada Malindi. Mwingine akataka kujua viwanja Mtwapa siku hizi vinakwendaje. Tukazungumzia kazi za nyumbani, tukazungumzia tahajia, tukazungumzia yule mtoto anayekula kifutio, yote kwa Kiswahili, huku mwalimu mkuu akitikisa kichwa na kucheka kila tulipocheka. Wazazi wasiojua Kiswahili walikuwepo pia, na walionekana kuridhika zaidi ya wote; nadhani walidhani ni mbinu mpya. Mwishoni walimwendea mkuu kumwambia kwamba hawajawahi kupata mwalimu wa Kiingereza anayeeleweka na wazazi namna hiyo, naye akaniandikia barua ya pongezi. Yule baba wa kanzu alinivuta pembeni mlangoni. "Mwalimu," akasema, "kwa Kiingereza chako hatuna wasiwasi hata kidogo. Ila hicho Kiswahili, kaka, tafuta mtu akusaidie."

Nikamwambia ninaye, yuko ghorofa ya chini.

Mkataba umeongezwa. Nimeusoma wote, na mtoto wa tatu bado hajatajwa. Likizo ya kiangazi imekaribia, na sebule yetu imejaa mabegi na mzani, kwa kuwa mjomba anataka simu, shangazi anataka manukato, na jumuiya ya mamangu imeagiza kitu cha umeme ambacho sijaelewa ni nini. Jana bibi naye alipanda ngazi mwenyewe, jambo ambalo si kawaida yake, akaniwekea mikononi mabakuli ya halwa ya kumfikishia mpwa wake aliyeko Mombasa. "Si hapo hapo tu kwenu?" Nikamweleza kwamba kutoka Nakuru hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 600, kwamba Nairobi yote iko katikati, kwamba mzani umeshagoma. Akanisikiliza hadi mwisho. Nikashindwa, nikamwambia basi, bibi, nitajaribu kupelekea yeye.

"Kumpelekea," akasema, akafungua mfuko wake na kuniongezea bakuli jingine.