Namna ya Kula kwa Mhindi Usiaibike

Anza kwa kutopenda sana ile meza ya karibu na jiko, hata kama baridi ya Mbeya mwezi Juni inakutafuna mifupa. Mgahawa ni wa familia, na hapo mtoto wa nyumba anafanya hesabu za shule. Mwenyeji ni yeye.

Mzee wa kaunta usimwulize amekuja lini nchini. Mji wa Mbeya ulianza 1927, dhahabu ya Lupa ikiwaita watu, na wenye maduka wa Kihindi wakawafuata wachimbaji. Yawezekana babu yake alifika mjini kabla ya babu yako. Msalimie tu. Ukiwa Iringa sema "kamwene". Ataitikia kwa lafudhi safi kuliko yako wewe uliyekulia Dar.

Dada akikuinamia na kuuliza, "Naan?", usijitambulishe. Mimi nilijibu, "Mgeni tu, dada, napita." Akaandika mikate miwili.

Sasa pilipili. Hapa ndipo wanaume wazima hulia mbele ya wakwe zao. "Kidogo" unayoijua wewe ni ya kachumbari ya stendi ya Makambako. "Kidogo" ya mama aliye jikoni ni kipimo cha ukoo wao. Ukitaka kidogo, sema "bila". Ukitaka bila, agiza mtindi. Neno "kawaida" waachie wenyewe.

Kama familia ina asili ya Nepali, huenda ukakuta momo. Usirudishe sahani ukidai sambusa hazijakaangwa: momo hupikwa kwa mvuke. Dal bhat nayo isikutishe kwa jina. Ni wali kwa dengu, shemeji yake wali maharage uliokulea bwenini. Zile kete nyeupe ndani ya mchuzi ni jibini; jirani yako akizisifu kuwa mafuta ya mbuzi, mwache kwanza alipe.

Tena usijitape kazini kwamba jana ulikula vya kigeni. Chapati, bajia, achari, kachumbari: majina yote hayo yalivuka bahari kutoka India, pamoja na pesa utakayolipia na laki unayoiota.

Mwishoni utaletewa chai ya maziwa yenye iliki na tangawizi. Utafumba macho na kusema Wahindi wanajua chai. Majani yake yamechumwa Mufindi.