Tupa Garasa, Shemeji!

Nimechoka kuitwa mwoga kwa sababu ya karata mbili. Kila Jumamosi jioni, barazani kwa shemeji, nikizirudisha karata zangu kwa mgawaji kabla sijatia hata kizibo kimoja, wenzangu wananitazama kama mtu aliyekataa kuchangia msiba. "Ameshaogopa!" anasema fundi wa friji. "Huyu kaja kuangalia," anadakia mwalimu. Shemeji mwenyewe hasemi kitu. Anacheka tu, huku akitia vizibo vinne kwa ajili ya saba ya uru na mbili ya shupaza.

Mchezo wenyewe ni poka, ile iitwayo Texas Hold'em. Shemeji aliutoa melini alikokuwa baharia, nasi tukaitelekeza arubastini yetu. Kila mtu anapewa karata mbili za siri. Mnaweka dau. Zinafunuliwa tatu katikati kwa mpigo, ndiyo flopu. Kisha ya nne, kisha ya tano, na kila hatua ina dau lake. Mwenye tano bora kati ya hizo saba anazoa fungu. Sisi hatuchezi pesa, tunacheza vizibo vya soda, na anayemaliza jioni akiwa navyo vichache kuliko wote anatununulia kahawa na kashata. Mwaka 2007 bunge la jimbo la Texas liliutambua mji wa Robstown kuwa ndiko mchezo huu ulikozaliwa. Sina ugomvi na Robstown. Ugomvi wangu ni na shemeji, aliyetuletea mchezo mzima akasahau melini sehemu ya kutupa.

Maana poka nyingi ni kutupa. Ukipewa karata mbili kutoka pakiti ya 52, kuna michanganyiko 1,326 inayoweza kukufikia, na iliyo mingi ni magarasa matupu. Jozi, yaani mbili zinazolingana, huja mara moja tu katika migao 17. Wachezaji makini kwenye meza ya watu tisa hutupa zaidi ya robo tatu ya wanachopewa, tena bila kuaga. Kwetu hapa hutupwa maganda ya karanga tu.

Mwulize shemeji kwa nini ameingia na tisa na nne. "Zote kopa, bwana." Basi kwake zikishakuwa kopa zote mbili, mambo yameisha. Nimemweleza mpaka koo limekauka: ukiwa na mbili za jamii moja, flopu itakumalizia tano za jamii hiyo takriban mara moja katika 118. Mara moja! Kule kufanana kwa karata zako kunakuongezea pointi chache tu katika mia. Tisa na nne za kopa bado ni tisa na nne, hata uzivalishe suti.

Mwalimu ana ugonjwa wake: ree. Akiona ree mkononi hatazami mwenzake ni nani. Ree na nne, anaingia. Ree na tatu, anapandisha dau. Ikija ree nyingine katikati anajiona mfalme, kumbe fundi amekaa kimya na ree na mfalme wa kweli. Wote wawili wana jozi ya ree, anayeamua ni karata ya pembeni, na nne ya mwalimu haiamui kitu. Wakikutana hivyo kabla ya flopu, mwenye mfalme hushinda zaidi ya mara 7 katika 10. Mtu huyu amefundisha hesabu maisha yake yote ya kazi. Nilipomkumbusha alinijibu, "Hesabu nimestaafu nayo, kaka."

Fundi naye haachi jozi ndogo. Jozi ya tatu si dhambi, namtetea kidogo hapo. Ukiingia kwa bei rahisi, flopu itakuletea tatu ya tatu mara moja katika nane au tisa hivi, na siku hiyo hakuna atakayekushuku, utawavua watu vizibo mpaka vya mfukoni. Shida ya fundi ni mara zile saba au nane nyingine. Katikati wamekaa ree, malkia na ghulamu, watu wawili wameshapandisha dau, na yeye bado ameishikilia jozi yake ya tatu. "Ni jozi hii!" Ni jozi, fundi. Hata ndala zilizokatika ni jozi.

Halafu kuna suala la mahali ulipokaa, ambalo kwa shemeji ni suala la upepo tu. Anayeongea wa kwanza anaongea gizani: nyuma yake kuna watu saba ambao hajui watafanya nini. Anayeongea wa mwisho ameshasikia kila mtu. Kwa hiyo karata ile ile ya wastani, ghulamu na tisa tuseme, ni ya kutupa ukiwa wa kwanza, na inaweza kuchezeka ukiwa wa mwisho na wote mbele yako wametupa. Wawili wanaotangulia kushoto kwa mgawaji wanalazimika kuweka dau kabla hawajaona kitu, mmoja dogo, mwingine kubwa. Hapo ndipo utamsikia shemeji: "Nimeshatia kimoja, siwezi kukiacha." Kimoja hicho si chako tena, shemeji. Kimeshakuwa cha fungu. Anakifuata kwa vitatu, navyo vinafuatwa na sita, mpaka familia nzima ya vizibo inahamia upande wa pili wa meza.

Tuje baada ya flopu, maana huko ndiko kahawa inakolipwa. Ukiwa na karata mbili zisizolingana, flopu itakupa japo jozi moja kwa kutumia karata yako takriban mara moja katika tatu. Mara mbili zilizobaki umekosa. Mwenye akili anasema nimekosa, anatupa, anachukua kashata. Shemeji anasema, "Tuone ya nne." Ikija ya nne, tuone ya tano. Utadhani anafuatilia tamthilia.

Siku moja alikuwa na tisa na tano, katikati kuna sita, saba na mfalme, anaisubiri nane iunge mlolongo. Nane ziko nne tu katika karata 47 asizozijua, yaani inayofuata itamwokoa mara moja katika 12 hivi. Fungu lilikuwa na vizibo sita, mwalimu akatia sita. Shemeji alipaswa kulipa sita ili kugombea 12, akiwa na nafasi hiyo moja katika 12. Hata muuza duka mlevi hauzi kwa bei hiyo. Kama angekuwa na nne za jamii moja akisubiri ya tano, ningenyamaza: hapo zimebaki tisa za kumwokoa, na akiziona karata zote mbili zijazo atafika zaidi kidogo ya mara moja katika tatu. Huko kuna hoja. Kwenye nane moja katikati ya giza hakuna hoja, kuna kiburi.

Wajuzi watasema garasa linaweza kushinda kwa danganya toto: unatia dau kubwa kwa uso mkavu, wenzako wanaogopa, wanatupa. Kweli kabisa, ila wenzako wawe watu wanaojua kutupa. Utamtishaje fundi na jozi yake ya tatu? Anakufuata mpaka mwisho kwa sababu anataka kuona tu. Kwenye meza yetu dawa ni moja: usimdanganye asiyedanganyika, subiri upate karata za maana, kisha mtoze bei kamili.

Nikishasema yote hayo, shemeji hutoa karata yake turufu, hadithi za Las Vegas. Doyle Brunson alitwaa ubingwa wa dunia mwaka 1976 na tena 1977, na mara zote mbili mkono wa mwisho alikuwa ameshika kumi na mbili. Mwaka 2003 Chris Moneymaker, mhasibu kutoka Tennessee, aliyeingilia kwenye shindano la mtandaoni la kiingilio kisichofika hata dola 100, alimaliza kazi kwa tano na nne akaondoka na dola milioni 2.5. "Unaona?" ananiuliza. "Magarasa!"

Naona, shemeji. Naona pia kwamba wote hao walikuwa wamebaki wawili tu mezani. Mkibaki wawili thamani inabadilika, kumi tu inaweza kutosha, na ukitupa kila kitu dau la lazima litakumaliza. Sisi tuko wanane. Isitoshe, Moneymaker flopu ilimpa tano na nne zote mbili pale pale. Wewe ilikupa mfalme usiyemjua. Na watu hao walifika mkono wa mwisho kwa sababu ya mamia ya magarasa waliyotupa njiani, ambayo hakuna mtu aliyeyapigia picha.

Hicho ndicho kinachoniuma zaidi. Saba na mbili hata ikikutana na ree mbili hushinda takriban mara 12 katika 100, na hizo 12 ndizo zinazosimuliwa barazani mwezi mzima. Zile 88 hazina msimulizi. Mke wangu ameshaniuliza kama huko nachezeshwa au nalinda viatu.

Basi ndugu msomaji, ukialikwa kwenye meza kama yetu, fanya hivi. Kabla ya flopu, kama karata zako unazitafutia sababu, zitupe. Baada ya flopu, kama umekosa na mtu anadai dau zito, tupa tena, na waache waseme. Utaitwa mwoga, utaitwa mlinzi wa viatu, lakini kahawa atalipa shemeji.