Sifa za Mchimbaji Asiye na Kofia

Katanga tumewasifu wachimbaji wengi, wa kampuni na wa mashimo ya Kolwezi, ila mmoja tumemnyima hata salamu: mnyoo wa mizizi ya migomba, ambaye wataalamu humwita Radopholus similis. Urefu wake haufiki milimita moja. Hana kofia ya chuma wala kadi ya kuchimba, na hajawahi kugoma. Nathan Cobb alimwandika mwaka 1893, kutokana na migomba ya Fiji. Mji wetu, Lubumbashi, ulianzishwa 1910. Basi huyu ni mkubwa wetu, na mkubwa huamkiwa.

Tazama kazi yake. Jike huingia mzizini kwa sindano iliyo mdomoni, hutoboa na kufyonza, akisonga mbele huku anataga mayai njiani; wiki tatu au nne baadaye mabinti zake nao wanataga. Dume sindano yake ni dhaifu, hali mzizi kabisa. Kazi yote ni ya mama (nyumba za namna hiyo tunazijua). Pasua mzizi kwa urefu uone njia zao: mabaka mekundu, mengine yameshakuwa meusi, ndani ya nyama nyeupe.

Juu ya ardhi, adabu tupu. Mgomba wa lupango, kiwanja cha nyumba, una majani, umebeba mkungu, na mwenye nyumba ameshahesabu chana na kuwaahidi wageni. Mvua za Desemba zikija na upepo, mgomba unalala chini mzimamzima, mizizi imebaki vipande. Tunaulaumu upepo. Tunamshuku jirani. Mchimbaji mwenyewe kimya, hadai hata sifa.

Nauli pia halipi. Shangazi akimpa mpwa wake chipukizi kwa upendo, mnyoo yumo ndani ya mizizi, anahamia lupango jipya bila karatasi yoyote.

Hata maadui zake wanamheshimu. Kabla ya kupanda, humenya chipukizi mpaka mizizi yote iishe na nyama ibaki nyeupe, kisha hulizamisha kwenye maji yanayochemka kwa sekunde 30. Wenye kipimajoto na subira huchagua nyuzi 55 kwa dakika 20. Kwa bei ya gunia la makaa siku hizi, watoto wangu wanaoga maji baridi asubuhi za Juni. Yeye anachemshiwa sufuria nzima.