Usipige Windows Mara ya Nne

Ukipiga Windows ikakwama kwenye asilimia 37, ukairudia ikakwama kwenye 62, kisha mara ya tatu ikakuletea kosa 0x80070570, weka flashi chini. Kumtukana Bill Gates hakusaidii pia. Aliondoka kwenye bodi ya Microsoft tangu 2020.

Kosa hilo linasema faili limeharibika au halipo. Watu wanakimbilia kupakua Windows nyingine, bando linaisha, kumbe faili lilikuwa zima na limeharibikia kwenye RAM. Wakati wa kupiga Windows, mafaili yaliyobanwa hufunguliwa humo. Biti moja tu ikigeuka kutoka 0 kuwa 1, uhakiki unalikataa faili na kazi yote inasimama. Ndiyo maana mashine hiyohiyo inapiga muziki kutwa bila shida: wimbo ukiharibika biti moja, sikio halijui.

Basi tazama inapogomea. Ikibadilisha mahali kila mara, anza na RAM. Ikigomea palepale, ishuku flashi au diski.

RAM ipime kwa Memtest86+. Ni ya bure, inawaka kutoka kwenye flashi, haihitaji Windows. Iache usiku kucha. Ukiamka ukakuta hata mstari mmoja mwekundu, hakuna mjadala, maana makosa yanayokubalika ni sifuri. Zima, chomoa umeme na betri, gusa chuma kwanza ili mwili uachie umeme tuli. Toa RAM zote, sugua meno yake ya dhahabu taratibu kwa kifutio cha penseli, pangusa mabaki, kisha rudisha moja, uibane hadi klipu zilie. Pima kila moja peke yake, maana nyingine huwa nzima na ni tundu lake lililokufa.

Flashi ya TB 2 iliyouzwa kwa bei ya chipsi mayai haina TB 2, programu ya H2testw itaiumbua. Diski isome kwa CrystalDiskInfo. Sekta zinazosubiri zikiongezeka, nakili data leo. Makosa ya CRC yakipanda, badilisha kwanza kebo ya SATA kabla ya kuihukumu diski.

Kama wewe ni fundi, mwoneshe mteja ile mistari myekundu kabla ya kumtajia bei. Na RAM mbovu usiirudishe kwenye droo ya vipuri bila kuiandika MBOVU kwa maka peni, itaishia kwenye mashine ya mtu mwingine.