Karanga na Nyundo Baada ya Matanga

Plains, Georgia, Januari 2025. Jimmy Carter amezikwa juzi nyumbani kwake, kando ya mkewe Rosalynn. Karibu na duka la barabarani limesimama sanamu la karanga lenye kimo cha mita nne na tabasamu la marehemu, meno yote nje. Wanachama wenzake wa chama cha Democratic huko Indiana walilitengeneza mwaka 1976 alipokuwa akiomba kura za urais. Ndani yake mna waya wa kuku na hewa. Nyundo amesahauliwa nyuma ya pikapu iliyoegeshwa hapo. Huyo ni mkongwe wa kujengea maskini nyumba na shirika la Habitat.

NYUNDO: Kaka Karanga, hujalala?

KARANGA: Nilale saa ngapi, mdogo wangu? Wiki nzima napigwa picha. Waombolezaji hawaishi. Kila anayeshuka kwenye gari anasema alimuunga mkono Mzee siku zote.

NYUNDO: Siku zote? Hata mwaka 2006, kile kitabu kilipotoka?

KARANGA: Aa, usianze. Udongo wa kaburi haujakauka. Matangani tunataja nyumba. Tunataja vita vyake dhidi ya mnyoo wa Guinea, wagonjwa milioni tatu na nusu mwaka 1986, na mwaka 2023 wakabaki kumi na wanne dunia nzima. Hayo ndiyo mazungumzo ya heshima.

NYUNDO: Ni kweli, mnyoo hana mtetezi Washington.

KARANGA: Wala hana kura New York. Mzee angebaki na minyoo yake, angependwa na wote. Nani alimtuma aandike Palestina na apartheid kwenye jalada moja?

NYUNDO: Umekisoma?

KARANGA: Jalada nimelisoma vizuri sana.

NYUNDO: Kama wenzako wengi, wa upande ule na wa upande huu. Wapo waliomtukana kwa jalada, na wapo waliompigia makofi kwa jalada hilohilo.

KARANGA: Lakini watu kumi na wanne wa baraza la ushauri la kituo chake, Carter Center, walijiuzulu Januari 2007. Kwa siku moja!

NYUNDO: Na mia mbili na zaidi walibaki. Hao hukuwahesabu?

KARANGA: Anayebaki hapigi kelele. Halafu mwezi huohuo akaenda Chuo Kikuu cha Brandeis, akakiri kwamba aliandika upuuzi. Mwenyewe!

NYUNDO: Alikiri sentensi moja, ile iliyosomeka kana kwamba Wapalestina wasubiri amani ndipo waache kujilipua. Ilikuwa mbaya kweli, akaomba radhi, akasema itabadilishwa. Wakosoaji walitaka akiri kitabu kizima. Na palepale akaeleza kwamba hasemi habari za Israel yenyewe, anasema ardhi iliyokaliwa tangu 1967.

KARANGA: Hata hivyo, neno la Makaburu ni zito.

NYUNDO: Shulamit Aloni hakuliona zito. Alikuwa waziri wa elimu wa Israel, na alimtetea Mzee waziwazi. Na B'Tselem, shirika la haki za binadamu la Waisraeli wenyewe, ilipofika Januari 2021 likamzidi. Likasema utawala wa apartheid unaanzia Mto Yordani na kuishia baharini. Kumbe Mzee alikuwa mpole.

KARANGA: Wewe umeshafika huko?

NYUNDO: Mimi ni wa ujenzi, habari za kuta hunifikia. Ule wa Waisraeli katika Ukingo wa Magharibi, unapopita mijini, ni zege la mita nane. Jisimamishe mara mbili, kaka, ndipo uchungulie upande wa pili. Vijijini ni uzio wenye geti. Mkulima analala upande huu na mizeituni yake iko ng'ambo. Asubuhi anasimama getini na kibali mkononi, anamsubiri askari aje na ufunguo. Askari akichelewa, zeituni hazivunwi. Kibali kikikataliwa, baba anabaki nyumbani anaitazama miti aliyoipanda babu yake. Akijenga chumba cha mwanawe bila ruhusa, na ruhusa yenyewe haipatikani, linakuja tingatinga. Mimi nimezoea kupigilia misumari, siyo hayo.

KARANGA: Unaongea kwa uchungu. Lakini alipokuwa Ikulu mbona hakuongea hivyo?

NYUNDO: Hapo umenipata. Machi 1, 1980, balozi wake kule Baraza la Usalama aliunga mkono azimio namba 465 la kulaani makazi ya walowezi wa Israel. Baada ya siku mbili Mzee akaruka: eti mawasiliano yaliharibika, kura isihesabiwe kuwa yake.

KARANGA: Na New York?

NYUNDO: Mwezi huohuo, kwenye kura ya mchujo ya chama, wakampigia mpinzani wake Ted Kennedy. Alikana, na kura akazikosa.

KARANGA: Basi unamuunga mkono mtu aliyefumba mdomo alipokuwa na nguvu, akaja kuwa jasiri akiwa mstaafu wa kijijini!

NYUNDO: Namuunga mkono hivyohivyo. Wastaafu wangapi wana habari hizohizo na wanacheza gofu?

KARANGA: Waliomwita adui wa Wayahudi je?

NYUNDO: Wamekumbushwa Septemba 1978? Siku kumi na tatu Camp David, mazungumzo ya amani ya Misri na Israel yamevunjika, waziri mkuu wa Israel, Begin, anataka kuondoka. Mzee akachukua picha, akaandika kwenye kila moja jina la mjukuu wa Begin, akampelekea mwenyewe. Begin akasoma majina yale moja baada ya jingine, midomo ikamtetemeka. Wakarudi mezani. Misri na Israel hazijapigana tena tangu hapo. Adui gani huyo?

KARANGA: Basi amalizie hapo! Camp David wote tunaisifu.

NYUNDO: Hapo ndipo alipoumia. Aliamini Begin amekubali kusitisha ujenzi wa makazi hadi mazungumzo ya Wapalestina yaishe. Begin akasema alikubali miezi mitatu tu. Nyumba zikaendelea kupanda. Tangu hapo Mzee alikuwa na hesabu ambayo haijafungwa.

KARANGA: Na chama chake kilimfanyia nini? Denver, 2008, kwenye mkutano mkuu: walionyesha video yake, akapanda jukwaani, akapunga mkono, akashuka. Hakupewa hata dakika ya kuhutubia. Alipunga vizuri lakini.

NYUNDO: Haya, niambie ukweli, tuko wawili tu. Wewe unamuunga mkono kwa hili la Palestina?

KARANGA: Kwa moyo wote. Ila si kwa sauti, na si wiki hii. Gaza imechafuka, watu wana hasira, na mimi ni karanga wa kila mtu.

NYUNDO: Na kesho mgeni akikuuliza?

KARANGA: Nitatabasamu.

NYUNDO: Umetabasamu tangu 1976!

KARANGA: Na nani amejiuzulu kwa sababu yangu?